Makao ya wanafunzi wa vyuo vikuu: Gharama isiyoonekana katika hesabu ya karo

Barua ya kuitwa chuo kikuu inapofika katika nyumba ya mkulima wa Kedowa, kaunti ya Kericho, shangwe zake hudumu siku chache tu. Baada ya hapo huanza hesabu. Karo ina njia zake zinazojulikana: kuna mkopo wa serikali, kuna ufadhili, kuna basari ya eneo bunge na kuna harambee. Swali ambalo barua hiyo hulijibu kwa mstari mmoja, au hailijibu kabisa, ni hili: mtoto huyu atalala wapi?

Kedowa ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu, katika eneo bunge la Kipkelion Mashariki. Ni nyanda za juu zenye baridi, na wakazi wake hutegemea mahindi, viazi, ng'ombe wa maziwa na majani chai. Kwa upande wa mashariki, baada ya Molo na Elburgon, kipo Chuo Kikuu cha Egerton mjini Njoro. Kwa upande wa pili, ukishavuka mji wa Kericho, kipo Chuo Kikuu cha Kabianga. Katika ramani vyuo hivyo viwili ni vya jirani. Hata hivyo, hakuna hata kimoja ambacho mwanafunzi wa Kedowa anaweza kukihudhuria akitoka nyumbani kila asubuhi. Safari ya Kabianga humlazimu kubadilisha gari mjini Kericho, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku kwa muhula mzima ingepita kodi ya chumba.

Isitoshe, si kila mwanafunzi huitwa chuo cha karibu. Shirika linalowapanga wanafunzi katika vyuo, KUCCPS, huangalia alama na chaguo la mwombaji. Haliangalii kijiji chake. Mtoto wa Kedowa aweza kujikuta Maseno, Kakamega au hata Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi. Kwa sababu hiyo makao si jambo la ziada. Ni sehemu ya masomo yenyewe, na kwa familia nyingi ndiyo sehemu ngumu zaidi kulipia.

ENZI ZA CHUMBA NA CHAKULA CHA BURE

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata uhuru wake mwaka wa 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi walikuwa wachache na kila mmoja alihesabiwa kuwa mgeni wa serikali. Mpango wa mikopo ulianzishwa mwaka wa 1974, lakini mwanafunzi aliendelea kupata chumba ndani ya chuo, kula katika bwalo la chuo na kupokea posho ya matumizi iliyofahamika kote kwa jina la 'boom'. Wazee wengi wa leo waliosoma enzi hizo husimulia jinsi sehemu ya posho hiyo ilivyotumwa nyumbani kuwalipia wadogo zao karo ya shule.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1980. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilifuatwa na kufungwa kwa chuo kwa muda mrefu, na foleni ya waliosubiri nafasi ikarefuka. Vyuo vililazimika kupokea makundi mawili kwa pamoja. Mwaka wa 1990 wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wenye kidato cha tano na cha sita walikutana na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Mabweni yaliyojengewa watu wachache yakaanza kubeba wengi, na vitanda vya ghorofa vikaingizwa katika vyumba vilivyokuwa vya mtu mmoja au wawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ikiwa imebanwa na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, posho ya 'boom' iliondolewa na mwanafunzi akatakiwa kujinunulia chakula kila anapokula. Mwaka wa 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya bunge. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanaojilipia kikamilifu, na vyuo vingine vikafuata. Wanafunzi hao walileta pesa zilizohitajika sana, lakini wengi wao hawakuletewa vitanda.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa ile ya kutawanya vyuo mashinani. Kabla ya mwaka wa 2012 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu 7 vya umma. Kufikia mwaka wa 2013 vilikuwa 22. Kabianga, iliyokuwa imefanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2009, ilipewa hati yake Machi 2013. Bomet nayo ilipata chuo kishiriki cha Moi mwaka wa 2017. Kwa wakazi wa nchi ya majani chai hii ilikuwa neema, kwani elimu ya juu ililetwa mlangoni. Lakini vingi vya vyuo hivyo vilianza katika majengo ya taasisi ndogo zilizotangulia, na vilipanda hadhi kabla ya kujenga mabweni ya kutosha. Madarasa yaweza kutumiwa kwa zamu kuanzia asubuhi hadi usiku. Kitanda hakina zamu.

VITANDA HAVITOSHI

Idadi ya wanaohitaji makao imeendelea kupanda. Katikati ya muongo wa 2010 wanafunzi wa vyuo vikuu nchini walipita 500,000. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2023, watahiniwa 201,133 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilifika 246,391. Ongezeko la watu zaidi ya 45,000 katika mwaka mmoja ni sawa na kuongeza chuo kikuu kizima au viwili, na hakuna mabweni yanayojengwa kwa kasi hiyo.

Vyuo vingi vya umma hugawa nafasi kwa kufuata utaratibu unaofanana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Wengine huomba kupitia tovuti ya chuo, na anayewahi ndiye anayepata. Sharti la kawaida ni kuwa mwombaji awe amelipa karo au sehemu kubwa yake. Hapo ndipo mtoto wa maskini huanguka mara mbili. Asiyekuwa na karo siku ya kufunguliwa kwa tovuti hawezi kuomba kitanda, na pesa zinapopatikana baada ya majuma mawili, vitanda vimekwisha. Kwa hiyo kitanda cha chuo, ambacho bei yake ni nafuu kwa mbali kuliko chumba cha nje, mara nyingi huenda kwa yule ambaye angemudu kukaa nje, na asiyemudu hutupwa nje.

Matokeo yake yanajulikana na kila mlezi wa wanafunzi. Waliokosa huingizwa kwa siri na marafiki, wawili wakilala kitanda kimoja cha futi tatu. Wapo wanaouza nafasi zao kwa bei ya juu, na wapo wanaolala kwa zamu huku mmoja akisoma maktabani. Kanuni za vyuo zinakataza mambo haya yote, na msako unapofanywa, anayepatikana bila kadi ya chumba hutolewa na mwenyeji wake hupoteza nafasi.

HESABU YA CHUMBA CHA NJE

Waliokosa nafasi ndani huelekea kwenye vijiji vilivyoota kandokando ya vyuo. Egerton ina Njokerio. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina Kahawa Wendani. Chuo cha Jomo Kenyatta kina Juja na Gachororo. Kabianga ina kituo chake cha biashara na vyumba vilivyotawanyika katikati ya mashamba. Aina za makao ni zile zile kila mahali: chumba kimoja cha mabati au mawe chenye choo cha pamoja nje, bedsita yenye choo na jiko ndani, na hosteli ya binafsi ambapo mwanafunzi hulipia kitanda badala ya chumba.

Kodi hutofautiana kwa umbali kutoka lango la chuo, kwa uwepo wa maji na stima, na kwa uimara wa ukuta. Ili msomaji aone uzito wake, na achukuliwe mfano tu wa chumba cha Sh4,000 kwa mwezi. Mwaka wa masomo una mihula miwili ya takriban miezi minne kila mmoja, kwa hiyo kodi ya miezi 8 ni Sh32,000. Chini ya utaratibu wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023, mkopo wa matumizi ulipangwa kuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na uwezo wa familia.

Mwanafunzi wa Sh40,000 akishatoa kodi hubakiwa na Sh8,000. Ukizigawa kwa miezi 8, ni Sh1,000 kwa mwezi, yaani takriban Sh33 kwa siku za kula, kuchapisha kazi za darasa, kununua vifurushi vya intaneti na sabuni. Hata mwenye kupewa kiwango cha juu cha Sh60,000 hubaki na Sh3,500 kwa mwezi, ambazo hazifiki Sh120 kwa siku.

Wawili wakikaa pamoja katika chumba hicho, kila mmoja hulipa Sh16,000 kwa mwaka. Wa Sh40,000 sasa hubaki na Sh3,000 kwa mwezi, na wa Sh60,000 hubaki na Sh5,500. Hiyo ndiyo sababu ya wanafunzi kujazana vyumbani. Si mapenzi ya msongamano bali ni hesabu ya tumbo.

Na hii ni kodi peke yake. Mgeni wa mwaka wa kwanza anahitaji dipoziti, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Anahitaji godoro, blanketi mbili kwa baridi ya nyanda za juu, sufuria, mtungi mdogo wa gesi na ndoo ya maji. Baadhi ya wenye nyumba hudai kodi ya muhula mzima kwa mkupuo. Wengine hudai kodi hata ya likizo ndefu, na kwa mfano wetu miezi 4 ya likizo huongeza Sh16,000 kwa chumba kilichofungwa kwa kufuli.

MAJIRA YA PESA NA MAJIRA YA KODI

Hata hivyo, kwa mkulima wa eneo la Kericho na Bomet, tatizo kubwa si ukubwa wa pesa hizo pekee. Ni wakati zinapohitajika.

Wanafunzi wapya wengi huripoti vyuoni kati ya Agosti na Septemba. Siku hiyo ndiyo siku ya kodi, dipoziti na godoro. Mkulima mdogo wa majani chai anayepeleka mavuno yake katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo alizochuma, na malipo hayo ndiyo yanayolisha nyumba. Pesa kubwa ya mwaka, ile inayoitwa bonasi, huja baada ya viwanda kufunga hesabu tarehe 30 Juni na kukagua mauzo, na kwa kawaida hulipwa kati ya Septemba na Oktoba. Mahindi ya nyanda za juu, yaliyopandwa Machi na Aprili, bado yako shambani. Maziwa huleta pesa za kila siku, lakini ni pesa za kila siku.

Mkopo wa HELB nao una mwendo wake. Mara nyingi pesa za matumizi hufika baada ya masomo kuanza, baada ya chuo kuthibitisha kuwa mwanafunzi ameripoti. Mwenye nyumba hangojei uthibitisho. Kwa hiyo kuna pengo la majuma kadhaa, tangu siku ya kuripoti hadi siku ya bonasi au ya mkopo, ambamo familia yenye mali shambani haina pesa mfukoni. Katika pengo hilo ndimo ng'ombe wa maziwa huuzwa kwa bei ya kutupa, mikopo ya simu yenye riba kali huchukuliwa, na kijana huambiwa angoje mwaka ujao.

Hili ndilo jambo ambalo mjadala wa kitaifa kuhusu ufadhili wa vyuo haulitaji sana. Umejikita katika kiasi cha karo na katika makundi ya uwezo wa familia. Uhalali wa utaratibu wenyewe ulifika mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa unakiuka katiba, uamuzi uliokatiwa rufaa. Lakini hata utaratibu bora kuliko wote hautamsaidia mwanafunzi ikiwa shilingi yake inafika Oktoba ilhali mlango wa chumba hufunguliwa Agosti. Karo yaweza kungojwa na chuo. Chumba hakingoji.

MWENYE NYUMBA NAYE ANA YAKE

Si haki kumchora mwenye nyumba kuwa mnyonyaji siku zote. Karibu na vyuo vya mashambani, wengi wao ni wakulima waliotenga kipande cha shamba na kujenga vyumba vichache kwa mkopo wa benki au chama cha akiba. Mkopo huo hulipwa miezi 12, ilhali wapangaji wao hukaa miezi 8. Kisheria mapato ya kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa ushuru, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, baada ya kushushwa kutoka asilimia 10.

Zaidi ya hayo, biashara hii hutegemea chuo kuwa wazi. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na wanafunzi walianza kurejea kwa awamu miezi kadhaa baadaye. Vijiji vya wanafunzi viligeuka mahame. Wenye nyumba walikosa kodi, wauzaji wa chakula walikosa wateja, na wanafunzi walioacha vitu vyao vyumbani walirudi kukuta madeni ya kodi ya miezi ambayo hawakulala hapo. Migomo ya wahadhiri huleta sokomoko kama hilo. Ule wa mwaka wa 2017 ulidumu karibu miezi miwili, na wa mwaka wa 2025 ulidumu wiki 7. Katika nyakati hizo mwanafunzi hulipia chumba bila kufundishwa, na kalenda ikisukumwa mbele, hulipa tena miezi ya ziada ambayo haikuwa katika bajeti ya baba yake.

SHERIA INASEMAJE

Wanafunzi wachache wanajua kwamba ipo sheria inayomlinda mpangaji mdogo. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi apendavyo wala kumtimua mpangaji bila idhini ya jopo maalumu la kodi. Kasoro ni kwamba kiwango hicho cha Sh2,500 kiliwekwa zamani na hakijaenda na wakati. Chumba kikipita hapo hata kwa shilingi mia moja, mpangaji hutoka nje ya kivuli cha sheria hiyo. Mswada wa mwaka wa 2021 uliokusudia kuunganisha sheria zote za wapangaji haukuwahi kukamilika kuwa sheria.

Hata hivyo, mpangaji wa kodi kubwa hajaachwa uchi. Makubaliano yake na mwenye nyumba ni mkataba, na mkataba hauvunjwi kwa kufuli. Mwenye nyumba anayedai kodi anapaswa kufuata njia za kisheria, kupitia dalali mwenye leseni au mahakama. Hana ruhusa ya kung'oa mabati au kutupa vitabu nje kwenye mvua. Aidha, mwanafunzi aliyenyimwa dipoziti yake bila sababu aweza kutafuta msaada katika Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipofunguliwa. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Lakini haki haidaiwi kwa maneno matupu. Inadaiwa kwa risiti, kwa ujumbe wa simu unaothibitisha malipo na kwa karatasi yenye sahihi za pande mbili. Mwanafunzi anayelipa kwa mkono bila risiti amejinyang'anya silaha yake mwenyewe.

USALAMA NA AFYA

Bei nafuu ina gharama zake. Vyumba vya mbali na chuo huhitaji kutembea gizani baada ya vipindi vya jioni, na wasichana ndio wanaobeba hatari kubwa zaidi. Wapo wazazi wanaolipa zaidi kwa ajili ya ukuta, lango na mlinzi tu, na hawawezi kulaumiwa.

Katika nyanda za Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na usiku huwa na baridi kali, ipo hatari nyingine isiyotajwa sana. Wanafunzi huwasha jiko la makaa ndani ya chumba, hufunga dirisha na kulala. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu na kumuua usingizini. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka hakifai kwa bei yoyote ile. Nyaya za stima zilizounganishwa ovyo kutoka chumba hadi chumba, na hosteli za ghorofa zenye ngazi moja tu ya kutokea, ni mambo ya kuangaliwa kabla ya rangi ya ukuta.

WENGINE WAMEFANYAJE

Katika nchi jirani ya Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikabidhiwa mwaka wa 2017 mabweni yaliyopewa jina la Rais John Magufuli, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Hiyo ilikuwa njia ya serikali kujenga yenyewe kwa haraka. Uganda ilichukua mkondo mwingine. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanza kupokea wanaojilipia katika miaka ya 1990, hosteli za watu binafsi zilichipuka Wandegeya na Kikoni, na mwanafunzi wa serikali asiyepata bweni hupewa posho ya kukaa nje.

Nchini Kenya, wawekezaji wakubwa wameingia katika biashara hii mjini Nairobi. Kampuni ya Acorn, inayomiliki hosteli za Qwetu na Qejani, iliuza hatifungani ya mazingira ya Sh4.3 bilioni mwaka wa 2019 na kuanzisha mfuko wa uwekezaji wa makao ya wanafunzi mwaka wa 2021. Ni majengo mazuri na salama. Lakini mtaji huenda kule ambako mzazi anaweza kulipa, na mengi ya majengo ya aina hiyo yamejengwa jijini. Kutazamia kwamba soko peke yake litaijengea Kabianga kile lilichoijengea Nairobi ni kungoja embe chini ya mnazi.

MAMBO YA KUZINGATIA MAPEMA

Kwa familia inayosubiri matokeo ya kupangwa vyuoni, yapo mambo machache ambayo hupunguza uchungu.

Kwanza, bajeti ya kuripoti itenganishwe na bajeti ya mwaka. Kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti na vifaa vya kuanzia viwekewe akiba tangu mtihani wa KCSE unapokwisha Novemba. Kati ya hapo na Agosti kuna miezi 9, na akiba ndogo ya kila mwezi kutoka kwa maziwa au majani chai yaweza kuziba pengo linalotangulia bonasi.

Pili, kitanda cha chuo kiombwe siku ile ile tovuti inapofunguliwa. Ikiwa karo yote haijapatikana, chuo kiulizwe kwa maandishi ni kiasi gani cha chini kinachomruhusu mwanafunzi kuomba chumba. Kiasi hicho kilipwe kabla ya kingine chochote.

Tatu, chumba cha nje kikaguliwe kwa macho, na mzazi au ndugu anayeaminika, kabla ya pesa kutumwa. Matapeli hutangaza vyumba visivyokuwapo majuma ya kuripoti, kwa sababu wanajua haraka ya wageni. Maswali ya kuuliza ni machache: kodi inajumuisha maji na stima au la? Likizo hulipwaje? Dipoziti hurudishwa lini? Nani hulipa chuo kikifungwa ghafla? Majibu yaandikwe. Wenye nyumba wengi hukubali nusu kodi wakati wa likizo wakiombwa mapema, kwani mpangaji wa hakika ni bora kuliko chumba kitupu.

Nne, mkopo wa HELB uombwe mara tu dirisha linapofunguliwa, na maelezo ya benki yahakikiwe, kwani kosa dogo la jina au nambari huchelewesha malipo kwa majuma.

Kwa upande wa serikali na vyuo, dawa haihitaji kuwa ghali. Mkopo wa matumizi wa muhula wa kwanza ungeweza kutolewa kwa sehemu kabla ya siku ya kuripoti. Vyuo vingeweza kutenga fungu la vitanda kwa wale wa makundi ya chini ya uwezo, bila kuwadai karo kamili kwanza. Na kiwango cha Sh2,500 katika sheria ya kodi kingeweza kupandishwa ili kiwafikie wapangaji wale ambao sheria hiyo iliwalenga tangu awali.

Wahenga walisema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukaa ugenini miaka minne, na jembe lake ni kitabu. Lakini hakuna alimaye vizuri asipojua jioni atalaza wapi ubavu wake. Kila Agosti, nyumba kadhaa za Kedowa hukaa kando ya meko zikikokotoa swali hilo, na jibu lake ndilo linaloamua, kabla ya mhadhiri yeyote kufungua kinywa, nani atasoma na nani atabaki nyumbani kuchuma majani.